Asilale Kwanza

Basi la ushirika kutoka Matombo lilichelewa kuondoka, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji alikuwa bado anahutubia juu ya kuwahi kazini. Jua lilikuwa linazama. Abasi, aliyebanwa na mikungu ya ndizi, hakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

Mbele yake Modesta, mama kijana, alikuwa amempakata mwanawe mchanga. Shingo ya mtoto ilikuwa imekaza kwa nyuma, macho yameganda juu.

“Degedege hilo, mwanangu,” alisema Bi Mwanaheri, aliyeketi kando ya Modesta. “Nipe nimbembeleze alale.”

“Hapana, bibi. Akilala, anaamka mzima.”

“Si ndiyo heri?”

“Kila nikiteremka naye hospitali alfajiri analala mgongoni njia nzima. Daktari anamkuta anacheka, ananirudisha. Sista wa misheni anasema huenda ubongo wake hautengenezi vya kutosha kemikali inayoamuru viungo. Usingizi humrudishia kemikali hiyo kidogo, jioni inakuwa imekwisha. Leo Mungu kachelewesha basi, daktari wa zamu atajionea.”

“Kwa hiyo unamwacha ateseke?”

Modesta alimgusagusa mtoto shavuni asisinzie. Abasi, aliyezoea kuamua kesi za watu bila kuombwa, safari hii alitazama ndizi.

Giza lilikuwa limeingia basi liliposimama karibu na hospitali. “Mama gani wewe!” Bi Mwanaheri alifoka, mikono bado kainyoosha.

Modesta alikuwa keshashuka, machozi yanamtiririka, anamfinya mwanawe unyayo. “Usilale, baba. Usilale kwanza.”