Ngamia, Tausi na Mnara: Maoni ya Wenye Simu wa Mtaa wa Mirembe, Kakamega, 1999

Mgeni rasmi, Mhandisi Chemutai, Meneja wa Huduma wa Kampuni ya Mnara; Mwenyekiti wetu, Mzee Osundwa; viongozi wa dini zetu zote mbili; majirani wenye simu, na majirani mnaokuja kupiga kwa wenye simu: hamjambo, na asalaam aleikum.

MAKARIBISHO

Karibu Kakamega. Mvua iliyokulowesha jana ni ya kila alasiri, wala haikuwa na ubaya na wewe. Ingokho, yaani kuku, ameshachinjwa na ugali uko njiani. Mimi ni Swafia, katibu. Kamati imenionya nisisome maneno makali mbele ya mgeni, nami nimejitahidi kadiri ya uwezo wangu.

HISTORIA YA CHAMA

Intaneti iliingia mtaani hapa mwaka juzi, Mzee Osundwa alipostaafu ualimu akanunua kompyuta. Baada yake wakaja wauzaji wa kampuni tatu, kila mmoja akiapa kwamba wenzake ni waongo. Tukaunda chama hiki ili tuzijaribu zote na kuambiana ukweli.

Ya kwanza, Ngamia, ina nambari yake Kisumu, ambayo simu huipiga ili kompyuta iingie kwenye intaneti. Bei ni nafuu, lakini unaweza kubandika maharagwe, ufungue barua moja, na maharagwe yakatangulia kuiva. Mwalimu Osiako aliitumia bila kulalamika, kwa sababu Osiako halalamikii chochote.

Tausi iko Eldoret. Ni nyepesi sana, ila mawingu yakikusanyika tu inakatika. Bashir wa duka la vitambaa alituambia kikaoni: "Hiyo ni ya kutumia Januari peke yake. Hapa kwetu mvua inakujanga kila siku. Mimi naonanga ni kutupa pesa."

Mnara, kampuni yako, inapigiwa Nairobi, na kwa hiyo ni ghali kuliko zote. Lakini inasikika vizuri na haikatiki. Kwetu imekatika mara moja tu, na tutaieleza hapa chini.

MAFANIKIO

Kwa intaneti, ndugu zetu walioko Jeddah wanatuandikia asubuhi na tunawajibu kabla ya adhuhuri. Leo unatufungulia nambari ya Mnara ya hapa hapa Kakamega, tuache kupiga Nairobi. Tunashukuru kwa dhati. Ungetuletea zawadi hii mwaka jana tungekubeba mabegani.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, unamkumbuka Onesmus. Alikuwa kijana wenu wa zamu katika chumba cha mitambo, kule Nairobi, mtoto wa pekee wa Mama Awinja wa mtaa huu. Moto ulipoteketeza ile ghorofa, hakukupatikana chochote cha kutuletea tuzike.

Kwetu, mtu akipotea hivyo, watu wake huenda mahali alipofia wakiwa na tawi la mti. Humwita kwa jina, kisha humwambia, twende nyumbani. Wakifika, huzika shina la mgomba badala yake, naye hutulia. Mama Awinja alikwenda na tawi lake. Mlangoni aliambiwa kwamba wageni hawaruhusiwi kwenye mitambo, akarudi nalo limekauka.

Hapo Mzee Osundwa akapata wazo. Alisema mlijenga upya pale pale mkarudisha nambari ile ile, kwa hiyo anayeipiga sauti yake huingia moja kwa moja ndani ya kile chumba. Mama alipelekwa nyumbani kwa Mzee, simu ikapigwa, mashine ikaitikia kwa ule mlio wake wa kukwaruza. Mama akaita juu ya mlio huo, "Onesmus! Onesmus, mwana wanje, mwanangu!" Kabla hajasema twende nyumbani, laini ikakatika. Akapiga tena, haikushika. Hiyo ndiyo mara moja tuliyoitaja.

Aliitwa, hakuambiwa aende wapi.

Wiki ile ile, Mzee Osundwa alipofungua Mnara, pale pa kuandika jina la mteja palikuwa tayari pameandikwa Onesmus. Alifuta, likajiandika tena polepole, herufi moja moja. Chini yake yakafuata maneno: Kwa mama ni wapi?

Mzee alikimbia nje na sapatu mguu mmoja. Alipopata moyo wa kurudi, kioo kilikuwa kitupu. Siku chache baadaye maneno yale yale yakaja nyumba inayofuata, kisha ya tatu, Onesmus akifuata nguzo za simu kushuka barabara. Kwangu nilichomoa waya ukutani. Maneno hayakuondoka. Yaliongezeka: Shangazi, ni wewe? Niliogopa, kisha nikaona haya, kwa maana mtoto huyo nilimpa maziwa kwa mkono wangu. Nikarudisha waya nikamwandikia: Ni mimi. Pita kanisa, pita kinu cha posho, endelea kushuka.

Tangu hapo tukawa tunamwelekeza. Bashir aliacha Tausi na Osiako akaacha Ngamia, wote wakahamia Mnara na gharama zake, ili asikute nyumba bubu njiani. Mgeni rasmi, ndiyo sababu wateja wenu wameongezeka Kakamega. Tangazo la redio halikuhusika.

Shida ni kwamba Mama Awinja hana simu. Ameomba tangu zamani na anaambiwa hakuna laini. Nyumba ya mwisho yenye simu upande ule ni nyumba ya wageni, iliyotenganishwa na kwake na ua wa michongoma tu. Tulijua atafika huko siku hizi. Tulipanga mama akae pale mapokezini, aandike mwenyewe.

Lakini jana ulifikia pale wewe, ukavutiwa waya wa simu hadi chumbani kwako. Mwenye nyumba alikuletea chai akakuta umefungua kompyuta yako, umekasirika. Ulimwambia: "Kuna mtu anacheza na mtandao wangu, ananiuliza kwa mama ni wapi. Nimemjibu." Akachungulia kioo akaona jibu lako. Uliandika: Si hapa. Ondoka.

Hukujua. Sisi tungekueleza mapema, tukaona haya mbele ya mhandisi. Hilo ni kosa letu na linatuuma. Tangu jana laini zote za Mnara mtaani zinashika bila ule mlio, kimya kabisa, na pale pa jina hapaandikiki kitu, hata tukiandika sisi. Mama Awinja hajala.

MAOMBI

Kwanza, tunajua nambari ya Nairobi inafungwa leo ukishakata utepe. Tunaomba iachwe wazi. Tutailipia sisi.

Pili, waya mmoja tu upitishwe juu ya ule ua, kutoka nyumba ya wageni hadi kwa Mama Awinja, wakati tukisubiri wakubwa wa simu wamkumbuke.

Tatu, hatutapiga makofi wala kukata utepe kwanza, utusamehe. Simu iliyo mezani mbele yako imeunganishwa. Tunaomba uipige ile nambari ya zamani mwenyewe, kwa kuwa aliyefukuzwa na mwenye nyumba harudi kwa kuitwa na jirani, na Mnara ni nyumba yako. Mwambie ulidhani ni mzaha. Mwambie mama yake ndiye huyu aliyeketi kushoto kwako, ambaye hatukukutambulisha kwake kwa makusudi, ili unywe chai yako kwa amani. Kisha mpe mama mkonga wa simu, na sisi sote tunyamaze mpaka amalize neno alilokatiziwa.

DUA

Mwenyezi Mungu akubariki wewe na watoto wako, akurudishe Nairobi salama, na sasa hivi akupe sauti ya upole.

Ni sisi,
Chama cha Wenye Simu, Mtaa wa Mirembe, Kakamega.