Nzumari ya Mzee Dzombo

Mheshimiwa Chifu, shikamoo. Meneja wetu Bwana Ngui, mama zangu, wageni mliotoka mahotelini, na nyinyi wenzangu wa msumeno, asalaam aleikum. Mimi naitwa Baya. Kusema mbele za watu sikuzoea, shule niliiacha mapema, lakini leo mkinikalisha nitapasuka.

Twamuaga Mzee Dzombo, aliyepasua mbao hapa Mwabungo tangu mimi sijazaliwa. Bwana Ngui amesimama hapa akatwambia mzee apumzishwa kwa sababu ana dharau: msimamizi wetu Dada Kanini akimwita haitiki, Baya akimwita ageuka. Ati hataki kuamrishwa na mwanamke. Na nyinyi mkacheka.

Mwakumbuka harusi ya mjukuu wake? Mzee alipuliza nzumari, kama kawaida yake. Kufika sauti za juu akasita. Akabadilisha kile kipande cha mdomoni, akapuliza, akasita tena.

"Imefungwa hii," akaniambia. "Kuna mtu ameifanyia mambo."

Na sisi sote twaisikia, yalia vizuri tu! Akaipeleka kwa mganga, ikafukizwa ubani.

Mimi nikampeleka yeye, si nzumari, kwa daktari wa masikio Msambweni. Daktari akatueleza kwamba ndani ya sikio kuna kitu kimejiviringa kama konokono. Sauti nyembamba zapokelewa pale mlangoni, nene zaingia mpaka ndani. Kelele za miaka huanza kuua mlangoni. Basi sauti yangu hii nzito aisikia. Ya Dada Kanini, nyembamba, yamfikia vipande vipande. Hiyo ndiyo dharau?

Mlango huo umevunjwa na nini, kama si msumeno wetu? Mgeni akija kutazama vitanda tunavyoitengenezea hoteli yake, avikwa vifuniko vya masikio kabla hajapita geti. Akiondoka vyarudi kabatini, kufuli. Sisi twaziba kwa pamba ya godoro. Yetu ni masikio au mapambo?

Na leo mwampa mzee zawadi ya redio.

Dada Kanini, wewe ulikwenda kwake ukamwomba radhi. Mungu akulipe. Bwana Ngui, kwa heshima yako, lile neno dharau lirudishe papa hapa ulipolisema, na sauti uishushe iwe nzito, alisikie. Na lile kabati lisifungwe tena.

Nzumari ninayo mimi. Mzee alinipa jana, akasema ikae na mtu anayezisikia bado sauti za juu. Nami Jumatatu narudi kwenye msumeno.

Mlionisikia, asanteni.