Wekundu wa Mninga

— Kataeni mkitaka, alisema Turbo, ila mti wa mninga na maharage ni ukoo mmoja.

Benchi lilikuwa ubao uliowekwa juu ya matofali, nje ya karakana ya useremala. Turbo, mpasua mbao aliyeacha shule mapema na kujisifia hata hilo, alishika kikombe cha kahawa kwa vidole vyenye wekundu usiotoka kwa sabuni. Tangu juzi walipomzika Mpole, mwenzake wa kazi, mdomo wake haukupumzika.

— Maharage? Seremala waliyemwita Randa alicheka puani. Basi kesho nachemsha kitanda.

— Bwana misitu kaniambia mwenyewe. Mbegu inakaa kwenye ganda, kama kunde. Kitabuni wameuita tunda lenye bawa, maana ganda lina ukingo mpana, upepo unalibeba. Jina lake la pili humo kitabuni ni la nchi walikouandika mara ya kwanza.

— Na sisi tuliokuwa nao tangu enzi za babu? aliuliza Kiraka, fundi viatu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Amepona nani hapo? Hebu tuambie, mbona ukikatwa unatoa damu?

— Utomvu huo, mzee.

— Utomvu gani mwekundu vile? Mti ule unaota juu ya makaburi. Unanyonya.

— Hapana, alisema Randa, una roho. Kitanda cha mninga hulia chenyewe.

— Kinalia kwa uzito wako, alisema Turbo.

Hawakuwa wamemwona mtu aliyesimama nyuma yao. Alikuwa kaka yake Mpole.

— Shikamoo, kaka, alisema Turbo. Karibu kahawa.

— Marahaba. Sikai. Turbo, wewe ndiye uliyekuwa naye. Mama anauliza jambo moja tu. Alisema chochote?

— Nilishaeleza msibani, kaka. Msumeno uliniponyoka, ukampiga paja, akakata roho papo hapo.

— Ndivyo ulivyoeleza. Alisema chochote?

Kiraka aliinua kikombe chake, kilikuwa kitupu, akaendelea kukishikilia mdomoni. Randa alitazama barabarani.

— Kuna kipande sikukieleza, alisema Turbo. Alisema, Turbo, nimeumia. Suruali yake ilikuwa nyekundu, lakini na yangu pia, kaka, tulikuwa tukipasua mninga tangu asubuhi. Nikacheka. Nikamwambia huo utomvu tu, acha uoga, shika gogo.

— Halafu?

— Akashika.