Jiko la Moshi la Daktari Bilan

Mgeni rasmi, wasimamizi wa chuo, na wageni wote mliotoka Waberi hadi Elwak, assalamu alaykum.

KARIBU
Sisi wahadhiri tunakukaribisha Garissa kwa moyo mkunjufu. Pole kwa jua. Pole pia kwa risala hii, maana tulishauriwa tuifanye tamu na tumeshindwa.

JIKO LILIKOTOKA
Mama zetu hufukiza vyombo vya maziwa ya ngamia kwa moshi wa kuni, ndipo maziwa yakae bila kuharibika. Siku hizi maziwa husafirishwa kwa jerikeni za plastiki, na plastiki ukiitia kaa la moto inayeyuka. Jambo hilo lilimkera sana mwenzetu wa idara ya mifugo, Daktari Bilan. Akaunda jiko dogo lenye bomba refu, moshi ukifika kwenye jerikeni umeshapoa. Aliliundia uani kwake, kwa mabati yake, huku mumewe akilalamika kwamba nyumba nzima inanuka.

MAFANIKIO
Wauza maziwa wa Waberi walilipenda, wakawa wanakuja kwake kujifunza kuliunda. Mafanikio mengine utasomewa na ofisi.

CHANGAMOTO
Chuo kiliposikia, kikasema jiko ni mali yake, kwani mhadhiri akiajiriwa na akili yake imeajiriwa. Tukaomba kuonyeshwa sera, tukaambiwa iko mbioni. Mbio gani hizo, jamani, zisizofika? Kisha Daktari akaonywa asilitaje jiko popote mpaka chuo kipate hataza, hati ya kulimiliki, la sivyo kazi hana. Sasa akifundisha somo la maziwa, akifika kwenye moshi anaruka. Hiki ni chuo kikuu au kituo cha polisi?

Juzi Habibo, muuza maziwa aliyemwaga jerikeni nzima ya maziwa yaliyoharibika, alimfuata nyumbani amwelekeze kuunda bomba. Daktari akamwambia, "Eedo, shangazi yangu, nisamehe, nimekatazwa kukwambia."

Habibo akamuuliza, "Nani anaweza kukukataza kitu kilicho kichwani mwako?"

Daktari alifunga mlango, akalia. Mgeni rasmi, tumechoka.

MAOMBI
Mhadhiri awe huru kufundisha anachokijua. Anayebuni kitu atambuliwe, na asikilizwe kabla hakijachukuliwa.

Ombi la mwisho ni la haraka. Hivi punde utaombwa uonje maziwa ya jiko hilo, linaloitwa sasa jiko la chuo. Daktari alikatazwa kuligusa, kwa hiyo ofisi ililiwasha yenyewe, na badala ya kuni ikatia uunsi, ubani wetu wa kufukizia nguo na sebule, ili mgeni apate harufu nzuri. Tafadhali usinywe. Daktari aliliona kosa hilo asubuhi, akafungua mdomo aseme, akakumbuka ana watoto wa kulisha, akaufunga.

Allah akujalie afya njema na safari ya amani.

Imesomwa na Hanad kwa niaba ya wahadhiri wote, isipokuwa Daktari Bilan, ambaye haruhusiwi.