Gogo la Miraji na Haidari

"Bibi, kifungue kitambaa chako, tushapatana." Ndivyo alivyoniambia mjukuu wangu Miraji asubuhi hii, hapa kijiweni Mtawanya ninapouza kahawa. Kitambaa nilikifunga miye kwenye gogo la mkorosho lililoanguka mpakani mwa mashamba yao, mwaka aliokufa mwanangu, baba yao. Miraji alisema gogo lake, nduguye Haidari akasema lake. Kwetu kitu cha ugomvi kikishafungwa kitambaa hakiguswi mpaka wagombanao wakae wapatane. Hawakukaa. Miaka sita gogo linaoza ganda, limeota uyoga. Sasa Haidari kapiga simu toka kwake Mkongo: Jumamosi anakuja, walichome mkaa, wagawane.

Benchi zima likamwitikia alhamdulillahi. Shamsia peke yake hakuitikia, yule binti wa chuo anayesoma wadudu, aliyepanga chumba kwangu.

— Kaka Miraji, ningojee masika yaishe. Kwenye uyoga ule mna vijidudu, vidogo kama usubi. Mishipa ya mabawa yao haifanani na ukoo wowote kitabuni mwangu.

— Si uvipe jina basi, uende zako?

— Nina majike saba tu. Hawa hutambulikana kwa dume, kwa umbo la mkiani kwake. Dume sijampata, huenda akatoka kabla mvua hazijaisha.

Seleman, tunayemwita Profesa, akatua kikombe.

— Hampati kwa sababu gani? Mficha uchi hazai!

— Wamezaa, Profesa. Wamejaa tele.

— Basi wametumwa hao! Leo kidudu, kesho bango, keshokutwa shamba hifadhi, na Miraji analipa kiingilio akalime mihogo yake.

— Kunywa kahawa, Seleman, nikamwambia.

Miraji alikuwa kanikazia macho miye.

— Bibi, miaka sita sijala sahani moja na ndugu yangu. Nikimwambia angoje kwa ajili ya mdudu, atasema nimegeuka.

Na kweli atasema. Haidari nimemlea, namjua.

Shamsia akauliza, taratibu tu:

— Kwani gogo likibaki palepale, nyie hamjapatana?

Ndipo miye, niliyeutunza ugomvi huu miaka yote, nikaamua kitambaa sikifungui bado.

Sasa weye unayenisikiliza, unakwenda Mkongo leo. Neno hili halifai simu. Mwambie Haidari aje Jumamosi vilevile, nitapika wali wa nazi, watakula sahani moja. Mkaa hauchomwi mpaka mvua ziishe. Na usije ukasema Miraji kakataa. Sema nimekataa miye.