Hillary Makokha Wasike, Aliyesogeza Zamu Yake Mbele

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Plumstead leo Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, wasifu huu umeandikwa na watu ambao bado hawajaamini. Tutausoma taratibu. Tukisimama katikati, mtuvumilie.

Marehemu Hillary alizaliwa tarehe 14 Agosti 1995 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa kwanza wa marehemu Geofrey Wasike na Mama Winifrida Nasimiyu. Alizaliwa mkubwa hata mkunga akauliza kama mama alikuwa na uhakika ni mmoja.

Alianza masomo Kimilili, akafika darasa la tatu. Mwaka 2004 mama yake, aliyekuwa ametangulia London kufanya kazi ya uuguzi, alimchukua wakaishi Woolwich. Alimaliza sekondari hapa hapa, kisha mwaka 2014 akaingia chuo kikuu huko Kent kusomea sayansi ya michezo. Huko ndiko alikokutana na mpira wa Kimarekani.

Tukae hapa kidogo, kwa ajili ya wazee wetu wanaouona mchezo huu kama ugomvi wa watu waliovaa magodoro. Mpira wenyewe hushikwa kwa mikono. Kila mara mpira unapoanzishwa, hupewa mtu mmoja anayeitwa kwotabeki, naye hana muda hata wa kusema sala ya chakula. Lazima aamue amrushie nani. Anatazama mbele. Wapinzani wanamjia wamwangushe, na wabaya zaidi humjia kutoka upande asiouona. Upande huo husimama mwenzake mmoja wa kuwazuia. Hillary alikuwa kwotabeki. Aliyemlinda upande asiouona alikuwa Albert Mugisho, mzaliwa wa Bukavu, mtu mpole mwenye mabega ya mlango. Walianza kuchezea timu ya kulipwa ya Thameside Herons pamoja, mwaka 2020.

Tarehe 4 Septemba 2021 Hillary alifunga ndoa na Marion Chebet, mfanyakazi wa ghala la mizigo huko Hayes. Mungu aliwajalia binti, Keren, ambaye sasa ana miaka mitatu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelinong'ona katika siku hizi za msiba. Ni bora lisemwe hapa, mbele yake.

Ligi yao ina kikomo cha mishahara. Jumla ya malipo ya wachezaji wote kwa mwaka haitakiwi kukivuka. Mwezi wa Januari mwaka huu timu ilijikuta imekivuka, na aliyepangiwa kuachwa alikuwa Albert. Hillary, ambaye mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote, alikwenda mwenyewe kwa meneja akaomba mkataba wake uandikwe upya, ili sehemu kubwa ya malipo yake ya mwaka huu ihamishiwe miaka mitatu ijayo, nafasi ipatikane na Albert abaki.

Nyumbani haikuwa rahisi. Walikuwa wamekwisha kuona nyumba ya kuhamia, yenye bustani. Marion alimwuliza, "Kwa hiyo mwaka wetu umeutoa sadaka?"

"Sijautoa. Nimeuweka mbele."

"Mbele kuna nani anayekushikia?"

Marion mwenyewe ametuambia kwamba baada ya siku mbili alitoa sharti moja. Albert awe anakuja kula kwao kila Jumapili, ili amwone vizuri huyo mtu aliyegharimu bustani yake. Albert alifika Jumapili ya kwanza amevaa suti, akakaa kwenye ncha ya kiti. "Mama Keren," alisema, "mimi nitakula tu kile utanipatia." Akala sahani tatu. Marion akasema sasa ameelewa kwa nini timu ilikuwa na shida ya bajeti.

Habari zilipotoka kwenye magazeti ya michezo, ziliingia katika kundi letu la WhatsApp zikiwa nusu, kwamba mshahara wa Hillary umekatwa. Sisi tunajua mshahara wa mtu hukatwa kwa sababu gani. Jumamosi hiyo kina mama walifika kwake Woolwich na masufuria ya kuku na chapati. Wazee nao walikuwa wameshaunda ujumbe wa kwenda kwa wenye timu, kama tunavyokwenda kuomba mchumba, na msemaji wao akiwa Mzee Titus, mwenye tai.

"Kijana," Mzee Titus alisema, "umewakosea nini hao Wazungu? Tuambie sisi kwanza, tukaombe msamaha tukiwa tunajua tunaomba wa nini."

Hillary alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawakalisha na kuwaeleza. "Mzee, sijakatwa. Ni kama chama cha kina mama hapa cha kuchangiana kwa zamu. Zamu yako imefika, unaona mwenzako amebanwa, unamwambia pokea wewe, mimi nitapokea mbele. Nimesogeza zamu tu."

Shangazi Valentine, mweka hazina wa chama hicho, akauliza swali la mweka hazina. "Na usipofika kwenye zamu yako?"

Hillary hakulichukulia kama mzaha. "Shangazi, miaka mitano nimempa Albert mgongo wangu. Sijawahi kugeuka kuangalia kama yupo. Sasa nikigeuka kwa mara ya kwanza, iwe ni kumwonyesha mlango?"

Mzee Titus alilegeza tai. "Basi kuku wamekufa bure," alisema. Hillary akasema kuku hafi bure mahali alipo Albert, akampigia simu aje.

Katika wasifu wa watu wengine, aya hii hueleza ugonjwa. Hillary hakuugua. Jumanne tarehe 8 Aprili aliamka, akamsuka Keren nywele vibaya kama kawaida yake, akaenda mazoezini. Msimu ulikuwa haujaanza. Walikuwa wakikimbia polepole kupasha mwili joto, hakuna aliyemgusa, akaanguka. Albert ndiye aliyemfikia wa kwanza, na ndiye aliyempigia Marion. Alimwita aje kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, kwa maneno machache: "Mama Keren, kuya. Kuya sasa." Madaktari walisema moyo wake ulikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeijua. Tumeyasikia maelezo hayo mara nyingi, na kila tukiyasikia ni kama yanamhusu mtu mwingine. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Masuala ya mkataba yanashughulikiwa na wenye kazi hiyo. Lakini kwa waliokuja kumpa Marion pole huku wakitikisa kichwa, wakisema laiti asingeusogeza mwaka ule, mjane ameomba jibu lake lisomwe kama alivyolisema: "Nioneeni huruma kwa kumpoteza Hillary. Kwa mkataba, msinionee huruma. Nilimfungulia Albert mlango Jumapili tisa. Sijaona mwaka uliopotea."

Marehemu ameacha mke, Marion Chebet; binti, Keren; mama mzazi, Winifrida Nasimiyu; dada, Lila; na kaka, Albert Mugisho.

Mzee Titus aliposoma rasimu hii alituuliza kama jina hilo la mwisho limeingia kwa makosa ya chapa, kwa kuwa Winifrida alizaa mtoto mmoja tu wa kiume. Hayakuwa makosa. Winifrida ndiye aliyelitaja, na ndiye aliyetuambia liwe mahali gani.

Mwenyezi Mungu amlaze Hillary kwa amani, nasi atufundishe kuamini.