Nashon Makokha, Mwenye Dashibodi ya Ndege

Sikutaka kuandika maneno haya ya kijitabu cha mazishi. Nilisema watafute mtu aliyesoma, maana familia hii imejaa watu wa digrii, lakini kila mmoja aliangalia simu yake. Nikashuku wananisukumia mimi ili makosa yakiwepo yawe yangu. Basi nimeandika kwa mkono, Ivyne, mtoto wa marehemu, akapiga chapa, na nimemwonya asibadilishe neno. Mimi Nanyama ni dada yake marehemu, wa kwanza kwetu, na ndiye nimebaki niliyemwona akizaliwa.

Marehemu Nashon Barasa Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Misikhu, karibu na Webuye. Alizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha, na hakulia. Mkunga akasema mtoto huyu anasikiliza kwanza.

Alisoma shule ya msingi hapo Misikhu, na sekondari akafika kidato cha pili. Mimi niliishia la tatu. Alikuwa anapata hesabu zote, nikashuku anaiba majibu, nikaenda shuleni kuuliza. Mwalimu alinipa kiti, akamwita, akamwandikia nyingine ubaoni nikiona. Akapata. Nilirudi nyumbani.

Mwaka 1990 alikuja Nairobi, akapanga Kangemi. Alijifunza umeme wa magari Kirinyaga Road, halafu akafungua gereji yake hapa Kangemi. Alikuwa na tabia moja: skrubu yoyote aliyofungua aliiweka ndani ya kifuniko cha chupa, zikizunguka vile zilivyotoka, ya juu juu, ya chini chini. Wote waliofanya kazi naye aliwafundisha hivyo, hata watoto wake.

Alifunga ndoa na Joyline tarehe 5 Desemba 1998. Joyline alipokuja kwetu mara ya kwanza alikula ugali kidogo sana, nikasema huyu ana jambo anaficha. Alikuwa anaumwa jino. Wamekaa vizuri.

Sasa hii ya ndege. Mwaka 2016 mteja wake, Bwana Waithaka wa Mountain View, alileta ramani ya ndege ya watu wawili ya kujiundia. Watu wazima wawili, kuunda ndege. Nilimwambia marehemu, “Huyo anataka akili yako na jina lake.” Waithaka alichukua kazi ya mbao na mabawa, marehemu akachukua dashibodi. Waliiunda kwa Waithaka, kwa kibanda cha nyuma, na mimi nilikuwa napeleka chakula ili nione kinachoendelea.

Nilidhani dashibodi ni kazi ya wiki moja. Ilichukua miaka. Alikata katoni kwanza, akachora miviringo kwa kikombe, akaisimamisha mbele ya stuli, akaketi, akafumba macho, akanyoosha mkono. Mkono ukikosa swichi ya mafuta, katoni inatupwa, anaanza nyingine. Alisema siku ya moshi macho hayatasaidia, ni lazima mkono ujue njia. Alimketisha Joyline pia, akamketisha Waithaka, hata mimi. Alipotosheka akakata bati la alumini, akalipaka rangi ya kijivu isiyong'aa, jua lisimrudie usoni. Katikati, mahali jicho linaanguka kwanza, aliweka geji ya kimo, ile inaonyesha ndege imefika juu kiasi gani.

Siku niliyoiona mara ya kwanza, ndege ilikuwa juu ya matofali. Sindano fupi ilikuwa karibu na sita.

“Inasema nini hiyo?”

“Futi elfu tano na mia nane, dada.”

“Na iko chini. Umeuziwa kitu imeharibika.”

“Inapima kutoka baharini. Hapa Mountain View tuko juu tayari.”

Nilimwangalia Waithaka, akaangalia randa yake. Siku nyingine nikakuta sindano ndefu imesonga. Nikauliza nani ameingia hapa.

“Hakuna mtu ameguza, mama,” Waithaka akasema.

“Kwa hivyo imejisukuma?”

Marehemu alicheka mpaka akaweka tupa chini. “Ni hewa, dada. Hewa nayo inalemea na kupungua.” Sikuamini. Nilikaa mbele ya geji tangu asubuhi, mlango nimeufunga, nikimfungulia marehemu tu, aliyekuja kila mara akagonga kioo kwa ukucha. Mchana niliona kwa macho yangu imetambaa peke yake. Nikaacha kumshuku Waithaka, lakini si kabisa.

Kila Desemba tukienda nyumbani alifungua geji hiyo, akaipakata njia yote. Timboroa, barabara inapofika juu kabisa, anagonga kioo: “Dada, tisa.” Tukishuka Webuye: “Dada, tano. Tumefika.”

Aliugua figo mwaka 2023. Alitibiwa hospitali kubwa kule Upper Hill, na hata kitandani aliomba karatasi, akachora mashine iliyokuwa kando yake, akasema angeipanga vingine ili muuguzi asigeuze shingo. Alituacha Jumanne tarehe 6 Mei 2025, alfajiri. Ndege haijaruka.

Jumatatu hii nilienda kibandani. Geji ya kimo haipo. Kuna tundu. Hewa husogeza sindano. Hewa haifungui skrubu nne. Nilianza kumtafuta Waithaka kwa macho, halafu nikaona kwa kiti cha rubani kifuniko cha chupa, na skrubu nne ndani, ya juu juu, ya chini chini. Mwizi wa mtaani hapangi skrubu.

Marehemu ameacha mjane Joyline, watoto Quincy na Ivyne, ndugu yake Lenox, mimi dada yake, na rafiki yake Waithaka. Hao wote alishawapa bisibisi mkononi. Kwa hivyo aliyeifungua yuko hapa, na ameshika kijitabu hiki. Sikuiti mwizi. Najua unaitaka kwa sababu aliishika.

Ndugu yangu apumzike. Mimi bado.

Basi la kwenda nyumbani linaondoka jioni. Nitakaa kiti cha mbele, karibu na sanduku la marehemu. Mkoba wangu mweusi utakuwa wazi miguuni pangu, na mimi ninayeangalia kila mkono, leo nitaangalia dirishani. Iweke humo. Sitageuka. Tukifika nyumbani tukamaliza kuzika, itarudi kwa tundu lake, na Waithaka ataifunga mimi nikiona.

Lakini Timboroa nitagonga kioo na kumsomea ndugu yangu. Tisa naijua.